Masisi na Walikale: Kabla ya kununua gari, uliza itavutwa namna gani

Anayetoka Goma kwenda Masisi anapewa kwanza kilomita 25 hivi za raha. Lami inamfikisha Sake, ziwa Kivu likiwa mkono wa kushoto, na gari yoyote inafika: taksi, basi dogo, hata gari ya harusi. Baada ya Sake barabara inaanza kupanda kuelekea Mushaki, na hapo ndipo kila gari inaonyesha asili yake. Mvua ikiwa imenyesha usiku, asubuhi utakuta kamyo mbili au tatu zimekwama kwenye potopoto, vijana wa kijiji wakiwa na majembe na miti. Nyuma ya kamyo moja kuna gari ndogo nyeupe iliyofungwa kwa kamba, na shofere wake ameshika volani kama mtu anayeshika ng'ombe kwa pembe.

Gari hiyo ndogo ndiyo habari yetu leo. Watu wengi wanaponunua gari ya kazi ya Masisi au Walikale wanauliza bei, wanauliza inakula mafuta kiasi gani, wanaangalia rangi na viti. Wachache wanauliza swali ambalo barabara hii lazima itawauliza siku moja: moteri ikizimika, au potopoto ikikataa, gari hii inavutwa namna gani? Kuna gari inayovutwa kutoka Masisi-centre hadi Goma, kilomita kama 80, na baada ya siku mbili imerudi kazini. Kuna nyingine inayovutwa njia hiyo hiyo na kufika imeshakufa, si kwa ule ubovu uliokuwa nao, bali kwa kuvutwa kwenyewe. Mali ya familia nzima inabaki uani inaota majani.

Kwa nini mtu atembee na gari mbili katika njia mbaya namna hii? Sababu ni kwamba mzigo wa huku haufiki mwisho wa safari kwa chombo kimoja. Kamyo inabeba maharagwe, viazi, jibini na mbao kutoka milima ya Masisi, lakini haiwezi kuingia kila kijiji. Inasimama sokoni au penye daraja bovu, na kutoka hapo mzigo unapanda moto, baiskeli, au mgongo wa mtu. Walikale hali ni ngumu zaidi. Unapoacha milima nyuma ya Nyabiondo na kushuka msituni, mvua haina msimu wa kupumzika kama ule wa Juni hadi Agosti huku juu. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Walikale walikwepa barabara hii kabisa: ndege ndogo zilitua Kilambo, juu ya kipande cha lami ya barabara yenyewe, zikachukua kasiterite na kuleta sabuni, bia na chumvi. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, njia hiyo ya anga kutoka Goma ikakatika, na watu wakarudishwa kwenye potopoto.

Ndiyo maana mfanyabiashara, au shirika linalopeleka dawa, anasafiri na chombo kikubwa na kidogo pamoja. Kikubwa kinabeba, kidogo kinaingia pale ambapo kikubwa hakipiti. Ajabu ni kwamba wazee wa Marekani waliostaafu wana shida ileile, ingawa ya kwao ni ya starehe. Wananunua gari kubwa kama basi, ndani kuna kitanda, jiko na choo, wanafunga baiskeli nyuma, kisha wanavuta gari ndogo kwa chuma ili wakifika waache ile nyumba yenye magurudumu na kwenda sokoni na ile ndogo. Wao wanajua kabla ya kununua kwamba si kila gari ndogo inakubali kuvutwa magurudumu yote manne yakiwa chini. Wengi wanachagua Jeep Wrangler, kwa sababu ina mkono wa kuachanisha moteri na magurudumu yote. Honda CR-V waliipenda sana hadi zile za mwaka 2014. Zilizofuata zikaja na bwate ya aina nyingine ambayo kiwanda hakiruhusu ivutwe hivyo, na watu wakaziacha. Kwao ni suala la likizo. Kwetu ni suala la mtaji, na wakati mwingine la uhai, kwa sababu hakuna anayetaka kulala njiani kati ya Masisi na Walikale.

Ubaya wote unaanzia kwenye bwate, yaani sanduku la gia. Ndani ya bwate ya otomatiki kuna pampu ndogo inayosukuma mafuta kila mahali, na pampu hiyo inazungushwa na moteri. Moteri ikizimwa, pampu imelala. Lakini ukiivuta gari, magurudumu yanazunguka, na yanazungusha vyuma vya ndani ya bwate bila mafuta kuvifikia. Vinapata moto, vinakwanguana, vinaungua. Shofere aliyekaa ndani hasikii kitu, kwa kuwa kelele ya mawe chini ya gari inafunika yote. Anagundua Goma, moteri ikishatengenezwa, anapoweka gia na gari haisogei.

Mita kumi za kutoka kwenye potopoto haziui bwate ya otomatiki, mradi gia iwe kwenye N. Ni kilomita ndizo zinazoua. Na kama moteri ni nzima, tatizo likiwa ni potopoto tu, basi iache ikiwaka wakati wa kuvutwa: pampu inafanya kazi, volani inabaki nyepesi, na freni zinabaki na nguvu.

Ile ya magurudumu manne yanayofanya kazi muda wote ni mtego mkubwa zaidi. RAV4 nyingi za otomatiki zinazozunguka Goma ziko hivyo. Mnunuzi anaona 4x4 na kufikiri amepata gari ya Masisi. Ikiwa mbovu, huwezi kuinua magurudumu ya mbele na kuacha ya nyuma yazunguke, kwa sababu ya mbele na ya nyuma yamefungana ndani. Ukifanya hivyo unavunja kiungo cha katikati. Kiwanda kinasema gari kama hiyo ibebwe, magurudumu yote yakiwa juu ya kitu kingine. Huku kwetu hakuna gari ya kubebea magari inayopanda hadi Kashebere. Kilichopo ni kamyo tupu inayorudi na ukingo wa barabara wenye urefu sawa na sakafu ya kamyo. Unairudisha kamyo kwenye ukingo, unaweka mbao mbili nzito, vijana kumi wanasukuma gari iingie. Ni kazi ya saa mbili na makelele mengi, lakini RAV4 inafika nzima. Mwenye kamyo atataka pesa kuliko yule wa kamba. Mlipe: bwate mpya itakugharimu zaidi.

Kwa upande wa pili kuna Land Cruiser ya zamani yenye gia za mkono, ile ambayo wengi wanaicheka kwamba inakunywa mazuti na viti vyake ni vigumu. Kwa habari ya kuvutwa, haina mpinzani katika njia hii. Ina mkono wa pili mfupi wa kuchagua magurudumu mawili au manne. Katikati ya magurudumu ya mbele kuna vile vifuniko vya kuzungusha kwa vidole vilivyoandikwa FREE na LOCK. Ukivutwa, unaweka FREE mbele, mkono mfupi kwenye H2, gia kubwa kwenye N, na sehemu ya mbele yote imepumzika. Kwa safari ndefu, makanika anaingia chini na kushusha kardani, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Ikishatolewa, magurudumu ya nyuma yanazunguka peke yake na bwate haijui kama gari inatembea. Mwenye spana nzuri anamaliza kazi hiyo kabla ya chai kupoa.

Hiace nayo ni hivyohivyo, kwani moteri iko mbele na nguvu inakwenda nyuma kwa kardani. Tofauti ni kwamba ukichomoa kardani upande wa bwate, mafuta yanamwagika kwa tundu lile. Makanika wenye akili wanaziba kwa mfuko wa plastiki na kipande cha mpira wa baiskeli.

Lakini hapa kuna jambo ambalo linapaswa kusemwa kwa sauti. Gari ambayo kardani yake imeshushwa haishikwi tena na gia. Ukizoea kuegesha mlimani kwa kuacha gia ya kwanza, siku hiyo gia ya kwanza haishiki kitu. Na katika baadhi ya Land Cruiser za zamani hata freni ya mkono inashika shafti, haishiki magurudumu; kardani ikitoka, freni ya mkono nayo imetoka. Kwa hiyo mawe kwanza, mawili mbele na mawili nyuma ya magurudumu, na mawe makubwa, si kokoto. Halafu ndipo mtu aingie chini ya gari.

Kamba au chuma? Hapo mashofere wanabishana hadi asubuhi. Kamba ni nyepesi, inapatikana kila soko, na kwa kuchomoa gari kwenye potopoto inatosha. Ubaya wake ni kwamba kamba inajua kuvuta tu, haijui kuzuia. Barabara hii si ya kupanda peke yake. Kutoka Mushaki hadi Sake unashuka. Kutoka milima ya Masisi kwenda Walikale unashuka tena, na zaidi. Katika mteremko gari ya nyuma inaifuata ya mbele kwa uzito wake, kamba inalegea na kuburuta chini, na kinachobaki kati ya magari mawili ni mguu wa shofere wa nyuma.

Mguu huo nao hauna msaada. Moteri ikiwa imezimwa, freni inabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili au tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Inashika bado, lakini inataka uzito wa mwili mzima. Volani nayo inakuwa nzito. Kijana mwembamba aliyejifunza gari mwaka jana hapaswi kukaa kwenye kiti hicho, hata kama ndiye mtoto wa mwenye gari. Weka pale shofere mkubwa, na yule mdogo aendeshe ya mbele au akae juu ya mizigo.

Chuma cha kuvutia, kigumu, chenye tundu kila upande, kinatatua nusu ya shida hiyo, kwa sababu kamyo ikipunguza mwendo inaizuia na ya nyuma. Kinabebwa vizuri kando ya kamyo na fundi yeyote wa kuchomelea Goma anaweza kukitengeneza kwa bomba nene. Lakini nacho kina sharti: ya mbele iwe nzito kuliko ya nyuma, na kwa mbali. Huko Ulaya, rimoriki isiyo na freni zake yenyewe hairuhusiwi kupita kilo 750. RAV4 tupu inapita kilo elfu moja na mia mbili. Kwa hiyo kuvuta RAV4 kwa gari ndogo nyingine mlimani, kama tunavyoona wikendi, ni kuomba magari yote mawili yaingie bondeni. Fuso yenye mzigo, sawa. Land Cruiser kwa RAV4, polepole, shofere wote wawili wakiwa wameelewana ishara za honi kabla ya kuondoka, inawezekana. Taksi kwa taksi, hapana.

Na kabule ya chuma, ile inayopendwa kwa kuwa haikatiki haraka? Ikikatika, inarudi kama nyoka na inaweza kukata mguu wa mtu. Anayelazimika kuitumia atupe koti zito au gunia lenye udongo katikati yake, na awafukuze watoto. Watoto wa kijiji wanapenda kusimama karibu kabisa ili waone.

Tuje kwenye baiskeli. Kamyo nyingi za njia hii zina baiskeli au moto zimefungwa nyuma, nje ya mlango wa mizigo, kwa sababu ndani kumejaa na juu kuna watu. Siku ya kawaida haina shida. Siku ya kuvuta ni shida tatu kwa pamoja. Usukani wa baiskeli unatokeza nusu mita au zaidi nyuma ya kamyo, kwa hiyo kamba ya mita nne imebaki mita tatu na kitu, na kamyo ikisimama ghafla kitakachopokea gari yako si bampa ya kamyo, ni chuma cha baiskeli kwenye kioo mbele ya uso wako. Pili, baiskeli zinafunika taa za kamyo, na shofere wa nyuma haoni kwamba ya mbele imekanyaga freni. Tatu, ndoano ya kuvutia iko chini ya baiskeli hizo hizo, na wakati wa kufunga kamba kwa haraka kwenye mvua, watu wanaishia kuifunga penye chuma chochote wanachofikia. Bampa inang'oka. Nimeona bampa ya kamyo imebaki barabarani na kamba yake, kama mbuzi aliyesahauliwa.

Dawa yake ni rahisi kwa anayefikiri tangu Goma. Baiskeli zifungwe ubavuni au mbele juu ya kabini, nyuma pabaki wazi. Kama hazina pa kwenda, ni heri zihamie juu ya gari ndogo inayovutwa. Baiskeli moja ya chuma haizidi kilo 20; mbili au tatu juu ya paa hazitaizidisha uzito. Moto ya sisi 125 ni kitu kingine, inakaribia kilo 120, na haipandi paa la mtu.

Na kwa kweli, baada ya hesabu yote hii, swali linabadilika. Je, unahitaji gari ndogo nyuma ya kamyo? Anayeingia vijijini kununua maharagwe, au muuguzi anayepeleka chanjo kwenye kituo cha afya ambacho barabara yake ni upana wa mtu mmoja na mbuzi wake, hata Land Cruiser haitamfikisha. Moto itamfikisha. Na moto ikiharibika haivutwi: watu wanne wanaiinua, inapanda kamyo, safari inaendelea. Chukudu nayo iko hivyo, babu wa vyombo vyote vya milima hii, mti wa mkaratusi na mpira wa tairi la zamani, isiyo na bwate wala pampu. Goma iliijengea sanamu mwaka 2009. Hakuna aliyewahi kupiga simu kuomba chukudu yake ivutwe.

Lakini kuna kazi zinazotaka gari. Mgonjwa wa kupasuliwa hapandi moto saa sita. Dawa za baridi zinataka sanduku kubwa. Familia inayohama na watoto watano inataka milango inayofungwa. Na hali ya usalama inawalazimisha watu kuhama bila kupanga: Masisi-centre ilipoingiwa na M23 mwanzoni mwa Januari 2025, na Walikale-centre mwezi Machi mwaka huo hadi walipotoka mwanzoni mwa Aprili, barabara zilijaa watu waliobeba walichoweza. Siku kama hizo hakuna anayesimama kumsubiri makanika. Gari inayovutika inaondoka na wengine. Isiyovutika inaachwa, na iliyoachwa usiku mmoja kando ya barabara hii, asubuhi haina magurudumu.

Kwa anayenunua sasa, basi, ushauri wangu hauna mapambo. Gia za mkono kabla ya otomatiki, hata kama otomatiki ni mpya zaidi. Magurudumu manne ya kuchagua kwa mkono kabla ya yale yanayojichagua yenyewe. Haibridi, hizi zinazoanza kuingia kwa bei nzuri, ziache mjini: magurudumu yakizungushwa kwa kuvutwa, moteri yake ya umeme inaweza kuzalisha umeme hata gari ikiwa imezimwa, na hiyo ni hatari ya moto. Ufunguo wa kuingiza na kuzungusha kabla ya kifungo cha kubonyeza. Hili la mwisho watu wanalidharau, lakini volani ya gari inafungwa na kufuli ya ndani, na ufunguo ukizungushwa hatua moja kufuli inafunguka hata betri ikiwa imekufa. Gari ya kifungo yenye betri iliyokufa inaweza kukataa kuifungua. Gari isiyokata kona haivutwi; inaburutwa kama mbao.

Magari haya mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, volani kuume, wakati sisi tunatembea upande wa kuume wa barabara. Akivutwa nyuma ya kamyo, shofere wa volani ya kuume anaona mtaro tu, haoni kinachokuja mbele. Hilo huwezi kulibadilisha kwa urahisi, lakini unaweza kumweka mtu wa pili kiti cha kushoto awe macho yake.

Halafu, pale kwa muuzaji, kabla ya kuzungumza bei, inama uangalie chini ya pua ya gari. Tafuta ndoano ya kuvutia. Gari nyingi za siku hizi hazina ndoano, zina tundu tu kwenye bampa lililofunikwa na kifuniko kidogo cha plastiki, na pete ya chuma ya kuingiza humo kwa kuzungusha inakaa pamoja na jeki na spana nyuma ya gari. Safari ndefu kutoka Japani ina mikono mingi, na pete hiyo mara nyingi haifiki Goma. Mwambie muuzaji aitafute, aiingize mbele yako, na aivute kwa mguu aone kama imekaza. Kama haipo, pesa zako zibaki mfukoni hadi ailete.